Maneno ya mahakamani katika shauri la mirathi: mwongozo kwa familia iliyofiwa Tanzania Bara

Familia nyingi huingia mahakamani kwa mara ya kwanza zikiwa bado na msiba. Baba au mama amefariki, benki imekataa kutoa fedha zake bila barua ya mahakama, na ndugu wanaambiwa wakafungue mirathi. Huko wanakabidhiwa fomu zenye maneno ambayo kila mmoja anadhani anayafahamu kwa sababu ni ya Kiswahili: msimamizi, mrithi, mwombaji, pingamizi, hesabu. Kumbe kila neno kati ya hayo lina maana yake ya kisheria, na anayetia saini bila kuijua maana hiyo anaweza kupoteza haki yake au kujibebesha wajibu ambao hakuutarajia.

Mwongozo huu unayaeleza maneno hayo kwa kufuata mpangilio ambao familia hukutana nayo, kuanzia cheti cha kifo hadi mirathi inapofungwa. Unahusu zaidi Mahakama ya Mwanzo, kwa kuwa huko ndiko wananchi wengi huanzia. Zanzibar ina sheria zake na Mahakama za Kadhi, kwa hiyo haimo katika maelezo haya.

Hatua ya kwanza: pata cheti cha kifo na fahamu nini ni mirathi

Cheti cha kifo ni hati ya serikali inayothibitisha kwamba mtu amefariki, na hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, maarufu kwa jina la RITA. Kibali cha mazishi kinachotolewa hospitalini au na mtendaji si cheti cha kifo, ingawa husaidia katika kukiomba. Hakikisha majina yaliyo kwenye cheti yanafanana na yale yaliyo kwenye hati ya nyumba, kadi ya benki na nyaraka za kazini, kwa maana tofauti ndogo ya herufi hulazimisha kiapo cha kuthibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja.

Mirathi ni jumla ya alivyoacha marehemu, yaani mali zake pamoja na madeni yake. Watu wengi huhesabu nyumba, shamba, gari na fedha, kisha wakasahau kwamba mkopo wa benki au deni la dukani nalo limo ndani ya mirathi na hulipwa kabla ya mali kugawanywa. Warithi hawadaiwi kutoka mifukoni mwao kwa sababu tu ni watoto wa marehemu, lakini hawawezi pia kugawana mali huku wanaodai wakiachwa.

Si kila kitu kilichokuwa nyumbani kwa marehemu ni mirathi. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa majina ya mume na mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaichukulia kuwa ni ya wote wawili kwa usawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwenye hati ya ardhi nako kuna maneno mawili ya kuangaliwa. Umiliki wa pamoja maana yake ni kwamba mmoja akifariki, haki yake humwendea aliyebaki hai na haiingii katika mirathi. Umiliki wa hisa maana yake ni kwamba kila mmoja ana fungu lake, na fungu la marehemu pekee ndilo linalorithiwa. Mjane au mgane asome hati yake kabla hajakubali nyumba nzima iorodheshwe kuwa ni mali ya marehemu.

Hatua ya pili: tambua sheria itakayotumika

Hapa ndipo penye mvutano mkubwa kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu Tanzania Bara haina sheria moja ya urithi kwa watu wote. Kuna sheria ya kimila, sheria ya Kiislamu, na sheria ya kiserikali ambayo bado inategemea Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au Uislamu, tena kwa marehemu aliyekuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo lake. Uwezo huo wa kisheria wa kusikiliza shauri ndio unaoitwa mamlaka ya mahakama. Shauri likifunguliwa mahali pasipo na mamlaka, kazi yote iliyofanyika inaweza kubatilishwa, yaani kuhesabiwa kana kwamba haikufanyika, hata kama miaka imepita na mali imeshagawanywa.

Mahakama huamua sheria ya kutumika kwa kuangalia mtindo wa maisha wa marehemu: aliishi vipi, alifunga ndoa ya aina gani, alishika mila za kabila lake au aliziacha, na alionyesha nia gani alipokuwa hai. Katika shauri la mwaka 1969 kuhusu mirathi ya Innocent Mbilinyi, Mahakama Kuu ilitazama maisha ya marehemu yalivyokuwa badala ya kutosheka na kabila alilozaliwa. Kwa hiyo kauli ya wazee kwamba "sisi kwetu mila yetu ni hii" haimalizi suala hilo. Marehemu Mkristo aliyeishi mjini mbali na mila za kwao, kwa kawaida mirathi yake hupelekwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, kutegemea thamani ya mali.

Mrithi ni mtu ambaye sheria inayohusika inampa fungu katika mali ya marehemu. Ukubwa wa fungu hilo hutofautiana sana. Kwa sheria ya Kiislamu, baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia kutolewa, mjane hupata thumni, yaani moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto, au robo ikiwa hakuacha. Wajane wakiwa zaidi ya mmoja hugawana fungu hilo hilo. Mgane hupata robo palipo na watoto na nusu pasipo na watoto, na binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Kwa sheria ya kiserikali, mjane hupata theluthi moja na watoto hugawana theluthi mbili bila kubagua wa kike na wa kiume.

Sheria ya kimila iliyoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 hupanga warithi kwa madaraja: daraja la kwanza ni mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza, yaani ya mke wa kwanza, daraja la pili ni watoto wengine wa kiume, na daraja la tatu ni mabinti. Mjane hapewi fungu ikiwa wapo ndugu wa ukoo wa mume. Anatarajiwa kutunzwa na watoto wake. Naamini kanuni hizi zimewaumiza wanawake wengi, na si mimi peke yangu ninayesema hivyo. Mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba mwanamke aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza kama alivyo nayo mwanamume, kwa kuwa kumzuia ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake, ikishughulikia malalamiko ya wajane wawili wa Tanzania waliotolewa majumbani mwao, iliona kwamba kanuni hizo za kimila zinakiuka haki zao. Mjane au binti anayeambiwa kwamba mila haimtambui anayo hoja ya kisheria ya kusimamia, na aitaje hoja hiyo mbele ya hakimu mapema.

Maneno mengine matatu yanahusu sehemu hii. Wasia, ambao nyaraka nyingine huuandika wosia, ni maelekezo ya mtu kuhusu mali yake baada ya kufa. Kwa kanuni za kimila, wasia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili kati yao wakiwa wa ukoo. Wasia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Kwa Mwislamu, wasia hauvuki theluthi moja ya mali wala haumwongezei mrithi fungu bila ridhaa ya warithi wenzake. Hiba ni zawadi iliyotolewa na kupokewa mtoaji akiwa hai, na kwa hiyo si sehemu ya mirathi. Dhana ya ndoa ni kanuni ya Sheria ya Ndoa kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kutambulika kuwa mume na mke huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka atokee wa kuthibitisha kwamba haikuwa hivyo.

Hatua ya tatu: fanyeni kikao na muandike muhtasari

Kikao cha ukoo ni mkutano wa wanafamilia wa kupendekeza nani aombe usimamizi, na muhtasari ni maandishi ya yaliyozungumzwa humo yakiwa na majina na saini za waliohudhuria. Mahakama huutaka muhtasari kwa sababu unaonyesha kwamba familia imeshirikishwa. Hata hivyo kikao hupendekeza tu, na mwenye uwezo wa kuteua ni mahakama. Ndugu wakikataa kukaa kikao kwa makusudi ili kumkwamisha mjane, mjane huyo anaweza kwenda mahakamani na kueleza hali hiyo. Usisaini muhtasari unaotaja warithi wachache kuliko waliopo, hata ukiahidiwa kwamba wengine wataongezwa baadaye.

Hatua ya nne: fungua shauri

Kufungua mirathi ni kupeleka maombi mahakamani ya kuteuliwa msimamizi. Anayeomba huitwa mwombaji, na katika Mahakama ya Mwanzo hujaza Fomu Na. 1 akitaja jina la marehemu, tarehe ya kifo, warithi wote na mali zinazojulikana. Anayoyasema humo anayathibitisha mbele ya mahakama, hivyo kumficha mtoto wa nje ya ndoa au mke wa pili ni kuidanganya mahakama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake, kwa hiyo mtoto wa aina hiyo asiachwe nje ya orodha kwa uamuzi wa ndugu.

Baada ya maombi kupokelewa, mahakama hutoa tangazo ili kila mwenye maslahi ajue. Mwenye maslahi ni mtu ambaye uamuzi wa shauri utamgusa: mrithi, anayedai, au mtu anayesema mali fulani ni yake. Wito, ambao wengi huuita samansi, ni amri ya mahakama ya kumtaka mtu afike siku na saa iliyoandikwa. Ukipokea wito, tia saini ya kupokea. Kusaini huko kunaonyesha tu kwamba umeupata na si kukubali madai yaliyomo.

Mirathi iliyochelewa bado inaweza kufunguliwa. Katika Mahakama Kuu na Mahakama ya Wilaya, maombi yanayoletwa baada ya miaka mitatu tangu kifo ni lazima yaeleze sababu ya kuchelewa.

Hatua ya tano: weka pingamizi kama unayo sababu

Pingamizi ni taarifa rasmi ya kupinga maombi. Mtu anaweza kumpinga mwombaji kwa kuwa haaminiki, kwa kuwa ameficha warithi, au kwa kuwa wasia anaoutegemea si wa kweli. Malalamiko yaliyotolewa msibani au kwenye kundi la simu la ukoo hayahesabiwi. Pingamizi hupelekwa mahakamani, na ni vyema liandikwe.

Pingamizi likisikilizwa, utayasikia maneno ya ushahidi. Shahidi ni anayeeleza alichokiona au kukisikia mwenyewe. Kielelezo ni kitu au hati iliyopokelewa na mahakama kuwa sehemu ya ushahidi, na hati uliyokuja nayo ndani ya bahasha si kielelezo mpaka ipokelewe. Mzigo wa kuthibitisha ni wajibu wa anayedai jambo kulionyesha kuwa kweli, kwa hiyo anayesema sahihi ya wasia imeghushiwa ndiye anayetakiwa kuleta uthibitisho wa kughushiwa huko.

Hatua ya sita: uteuzi wa msimamizi

Msimamizi wa mirathi ni mtu aliyepewa na mahakama mamlaka ya kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni na gharama, kisha kugawa kinachobaki kwa wanaostahili. Barua ya usimamizi anayopewa, ambayo katika Mahakama ya Mwanzo ni Fomu Na. 4, ndiyo inayotambuliwa na benki, mwajiri na ofisi ya ardhi. Marehemu akiwa ametaja mtu huyo ndani ya wasia, anaitwa msimamizi wa wasia au mtekelezaji wa wasia, naye pia huhitaji kuthibitishwa na mahakama.

Ningependa kila familia ilielewe jambo moja hapa, kwa sababu migogoro mingi ninayoifahamu imezaliwa kwa kutolielewa: msimamizi si mmiliki wa mali anazosimamia. Jina lake linaweza kuandikwa kwenye hati ya nyumba, lakini linaandikwa kwa nafasi yake ya msimamizi, na nyumba inabaki kuwa ya warithi. Msimamizi anaweza pia kuwa mrithi, na katika hali hiyo anapata fungu lake kama wenzake, si zaidi. Kaka mkubwa aliyeteuliwa hakupewa ubaba wa familia wala haki ya kumwamuru mjane aondoke. Mjane, binti, mdogo wa marehemu, au wasimamizi wawili kwa pamoja wanaweza kuteuliwa. Na pale ambapo ndugu hawaaminiani kabisa, mahakama inaweza kumteua mtu mwadilifu asiyeegemea upande wowote. Yupo pia Kabidhi Wasii Mkuu, ofisa wa serikali ambaye kazi zake ziko chini ya RITA na ambaye anaweza kusimamia mirathi.

Msimamizi ana wajibu unaombana binafsi. Mahakama inaweza kumtaka aweke dhamana, yaani ahadi yenye wadhamini kwamba atafanya kazi yake ipasavyo. Akifuja mali, au mali ikiharibika kwa uzembe wake, atalazimika kuifidia. Ni yeye pia mwenye haki ya kushtaki na kushtakiwa kwa niaba ya marehemu. Mtoto anayekwenda mahakamani kudai kiwanja cha baba yake kilichovamiwa, bila kuwa msimamizi, shauri lake huondolewa hata kama ushahidi wake ni mzuri, kwa sababu hana uhalali wa kisheria wa kusimama badala ya marehemu.

Hatua ya saba: orodha ya mali na hesabu

Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, au muda zaidi ambao mahakama imeuruhusu, msimamizi hupeleka Fomu Na. 5, ambayo ni orodha ya mali na madeni yote ya marehemu. Baadaye hupeleka Fomu Na. 6, ambayo ni hesabu: fedha gani imeingia, nani amelipwa, nini kimeuzwa na kwa kiasi gani, na nani amepewa nini. Katika Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu, orodha hupelekwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Aliyeteuliwa aandike tarehe hizo siku hiyo hiyo anapopokea barua yake, na ahifadhi kila risiti.

Warithi nao wana haki ya kuziona fomu hizi katika jalada, yaani faili la shauri, na kuomba nakala. Kama kodi ya nyumba ya marehemu imekuwa ikikusanywa kila mwezi lakini haimo kwenye Fomu Na. 6, hilo ni swali halali la kuulizwa mbele ya hakimu.

Hatua ya nane: mgawanyo na kufunga mirathi

Mgawanyo ni kumkabidhi kila mrithi fungu lake kwa mujibu wa sheria iliyotumika au wasia uliokubalika. Warithi watu wazima wanaweza kukubaliana kwa hiari kugawana kwa namna nyingine, lakini makubaliano hayo yaandikwe na yawekwe katika jalada. Fungu la mtoto aliye chini ya miaka 18 halisamehewi na mtu yeyote kwa niaba yake.

Kufunga mirathi ni mahakama kuridhika kwamba hesabu ni sahihi na kuliweka shauri kuwa limekwisha, na hapo mamlaka ya msimamizi hukoma. Mirathi iliyoachwa wazi kwa miaka mingi humwacha msimamizi akiendelea kushika hati, na akifariki kabla ya kufunga, familia hulazimika kuomba msimamizi mwingine.

Mambo yakienda kombo

Zuio ni amri ya kumkataza mtu asifanye jambo fulani, kwa mfano asiuze kiwanja, wakati shauri linaendelea. Kutengua uteuzi ni mahakama kumwondolea msimamizi mamlaka yake kwa sababu ya msingi, kama vile kupata barua kwa udanganyifu au kushindwa kuleta orodha na hesabu. Maombi ya kutengua hupelekwa katika mahakama ile ile iliyomteua.

Rufaa ni kuiomba mahakama ya juu ipitie uamuzi wa mahakama ya chini. Kutoka Mahakama ya Mwanzo rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na kutoka hapo huenda Mahakama Kuu ndani ya siku 30 nyingine. Ili kufika Mahakama ya Rufani, shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo linahitaji cheti cha Mahakama Kuu kinachothibitisha kwamba ipo hoja ya kisheria ya kuamuliwa. Muda ukipita, kinachobaki ni kuomba nyongeza ya muda, na mahakama hutaka sababu za kutosha kwa kila siku iliyochelewa. Kutokujua sheria kwa kawaida hakukubaliwi kuwa sababu. Omba nakala ya uamuzi kwa maandishi mara tu unaposomwa, na ubaki na nakala ya barua yako ya maombi yenye mhuri wa kupokelewa.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo inawatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko wilayani na katika kata. Msaidizi wa kisheria si wakili na hasimami mahakamani kukutetea, lakini anaweza kukueleza utaratibu na kukuelekeza pa kupata wakili wa msaada. Unapomwendea, chukua cheti cha kifo, cheti cha ndoa kama kipo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, muhtasari wa kikao na kila karatasi yenye mhuri wa mahakama, ikiwemo ile ambayo hujaielewa.